Moto wa Hajja Sabiha

Kwa miaka arobaini, moto wa tanuri la mkate la Hajja Sabiha, kwenye vilima vya kusini mwa Hebroni, haukuwahi kuzimika. Kila usiku aliufukia chini ya majivu. Tingatinga la jeshi la Israeli lilipokuja mara ya tano kumbomolea nyumba, eti hana kibali cha kujenga, kibali ambacho hawampi, hakuhangaika na magodoro. Alichota makaa ya tanuri akayatia kwenye sufuria, akakaa pembeni.

"Bibi, vyote hivi umeacha, ukaokoa majivu?" askari akamcheka.

"Fanya upesi, kijana. Unga wangu umeshaumuka."

Walipoondoka, alipanga mawe ya ukuta wake uliobomolewa yakawa tanuri jipya, akamwaga makaa ndani. Hawajafika barabarani, harufu ya mkate ikawafikia.