Radi, Shujaa Wetu wa Kariakoo

Sisi tuliokulia Kariakoo kabla ya simu za kugusa tulijitengenezea wenyewe vitu vya kutufurahisha. Leo mwanangu akikaa nusu saa bila bando anataka kuugua. Sisi, daftari moja na penseli vilitutosha likizo nzima.

Mimi na Hansa tulisoma darasa moja. Baba yake, Mzee Kanti, alikuwa na duka la vitambaa lililotazamana na duka la vyombo la baba yangu, Mchaga aliyetoka Rombo akiwa kijana. Hansa aliishi Upanga, lakini baada ya masomo alikuja dukani kumsubiri baba yake afunge. Hapo ndipo tulipokaa, juu ya majora ya vitenge, tukinusa nguo mpya na mihogo iliyokuwa ikikaangwa barazani. Yeye alichora katuni, mimi niliandika maneno.

Shujaa wetu aliitwa Radi. Alikuwa dada muuza mitumba wa Mchikichini ambaye siku moja alivaa koti lililotoka kwenye robota, akajikuta anaweza kuruka kutoka paa hadi paa. Hakuwa na habari ya kuokoa dunia. Yeye alikamata vibaka. Katika kitabu cha kwanza alimrudishia mama muuza vitumbua mkoba wake. Cha pili alizuia mkokoteni uliomponyoka msukumaji wake. Cha tatu alimning'iniza mwizi wa viatu kwenye nguzo ya umeme mpaka akaomba radhi. Vitabu vilipita chini ya madawati, darasa zima likavisoma hadi vikachakaa. Mama alipokuta kimoja cha vitabu hivyo ndani ya daftari langu la hesabu aliniuliza, "Huyo Radi ndiye atakayekufanyia mtihani?"

Tulikuwa darasa la sita siku tulipomwona kijana mmoja akinyanyua majora mawili nje ya duka la jirani. Hatukuwahi kumwona kabla. Aliangalia huku na huku, akaondoka haraka haraka.

"Ngoja kwanza, nimuulize baba," Hansa alisema.

Mimi sikungoja. Nilishaona kitabu cha nne kinatokea mbele ya macho yangu. Nikasimama barazani, nikapiga kelele ya mwizi kwa sauti yangu yote.

Mnaoijua Kariakoo mnajua kilichofuata. Kipigo chenyewe sikukiona. Niliona migongo ya watu tu, nikasikia. Baba na Mzee Kanti waliingia katikati wakisukuma watu. Mwenye duka lile la jirani naye akaja anakimbia, anasema huyo ni mbeba mizigo wake, ameanza kazi asubuhi hiyo, amemtuma apeleke mzigo kwa mteja. Kumbe aliangalia huku na huku kwa sababu alikuwa haijui njia. Watu wakatawanyika mmoja mmoja, kila mtu akisema yeye hakumgusa.

Aliitwa Saidi. Hakufa, lakini jicho la kushoto halikuona tena, na mkono mmoja haukunyooka. Kazi ya kubeba mizigo ikamwishia siku ileile aliyoianza.

Jioni baba aliuliza ni nani aliyeanza kupiga kelele. Nilikuwa naosha sufuria. Nikaendelea kuosha.

Kesho yake Hansa alinifuata. "Neema, twende hospitali tukamwambie. Nitasema tulikuwa wote."

Nikamjibu kwamba tumbo linaniuma. Akaenda na baba yake, akampelekea machungwa, na hakunitaja kwa mtu yeyote. Baadaye aliniletea kitabu cha nne, alichokichora peke yake. Radi amesimama mbele ya kundi la watu wenye hasira, ametanua mikono, na nyuma yake mtu amelala chini.

"Andika anachosema," aliniambia.

Nilikaa nacho wiki nzima, nikamrudishia kama kilivyo. Hakuniletea kingine. Mwaka uliofuata Mzee Kanti aliuza duka, wakahamia Nairobi kwa ndugu zao, na sikumwona tena.

Mwaka jana nilimkuta Saidi Ilala, anauza soksi mezani, kichwa kimejaa mvi.

"Shikamoo, kaka Saidi."

"Marahaba. Binti wa duka la vyombo, hujambo?"

Nikamweleza yote palepale, nimesimama. Alikunja jozi moja ya soksi, akaipanga juu ya nyingine.

"Nilijua ile ilikuwa sauti ya mtoto," alisema. "Mtoto nilishamsamehe siku nyingi. Lakini nilikuwa napita dukani kwenu miaka yote ile. Ulikuwa unanisalimia."

"Ndiyo, kaka."

"Mpaka ukawa mtu mzima. Ukaolewa."

"Ndiyo."

"Huyo mtu mzima ndiye sijui nimfanyeje."

Akageuka kumhudumia mteja.

Siku hizi pale palipokuwa na maduka yetu pana ghorofa refu. Mwizi akipigiwa kelele watu wanakimbia vilevile, ila sasa kuna wanaosimama pembeni kurekodi. Zamani niliwasumbua sana wanangu kwa hadithi za enzi zetu, jinsi watoto wa wakati ule tulivyokuwa na adabu na kusema kweli. Tangu nirudi kutoka Ilala sijawaambia tena. Wakiniuliza utoto wangu ulikuwaje, nawajibu kwamba ulikuwa mzuri sana, mpaka darasa la sita.