Karatasi za Ini la Papa

Tuliondoka Rumonge sababu ya tumbo la papa, baba yangu. Lilikuwa limevimba, miguu pia, na ekografi ya kwetu, ile picha ya tumboni, ilitoa neno moja: siroze, ini lenye makovu. Mutaani kwetu kila mutu anajua siroze ni ugonjwa ya walevi. Papa ni Muislamu, anakamua mawese, swala haimupiti. Lakini kwenye sherehe ya mahari ya rafiki yake wa Kizuka nilimuona kwa macho yangu akiweka mudomo kwenye muheha, ule murija wa kunywea pombe kwenye chungu. Wengine walimuona pia, na maneno ikatembea. Niliwaambia "muache uongo!" Halafu siku moja nilifungua thermos yake ya chai, nikanusa. Ilikuwa chai. Hata hivyo sikuamini.

Saa kumi na mbili asubuhi tukapanda taksi ya Bujumbura. Papa alishika bahasha ya vipimo kwenye magoti. Mimi sina subira, nikamunyang'anya. Kifaransa ninasoma, nimemaliza sekondari, lakini karibu kila namba ilikuwa na kanyota kando. Nikahesabu nyota nane, nikaanza kumulilia kimoyomoyo.

"Zaituni, wanasema nini?"

"Bado ninasoma, papa."

"Tangu tulipopita Magara unasoma? Kwani ni kitabu nzima?"

Bujumbura, saa nne. Daktari alikuwa mama mumoja mupole, wa miwani. Alitandika karatasi mbele ya papa, si mbele yangu, akashika kalamu.

"Amahoro muzee. Nyota maana yake namba imetoka kwenye kawaida, haisemi utakufa kesho. Hii albumine, protini ya damu, ini ndiyo inaitengeneza. Ikipunguka, maji inatoka kwenye damu, inaingia tumboni na miguuni. Plaquettes zinasimamisha damu ukijikata. Zako ziko chache, kwa hiyo ukitapika damu ao choo ikiwa nyeusi, usingoje asubuhi."

Papa akauliza polepole: "Docteur, hii ni ya pombe?"

"Unakunywa?"

Akanitazama mimi, hakumutazama daktari. "Nilishika muheha mara moja, nimuheshimu mwenye nyumba. Sikuvuta."

Nikainamisha kichwa.

Daktari akazungushia kalamu mustari wa chini, ule niliouruka kwa haraka. "Angalia hapa. Epatiti B. Ni virusi ya ini, na pengine uko nayo tangu utoto. Makovu haitatoka yote, lakini tutatuliza virusi na kidonge cha kila siku. Chumvi kidogo sana, pombe hapana, dawa za majani hapana. Samaki na maharage ukule, usijinyime. Ekografi kila miezi sita. Na watoto wote wapimwe. Asiye nayo tutamuchanja."

"Hata mimi?" nikauliza.

"Wewe wa kwanza."

Saa nane, njiani kurudi, taksi ikasimama Gitaza. Muuzaji wa samaki mukeke wa kuchoma akaleta sahani.

"Muzee, niongeze chumvi?"

"Hapana," nikajibu kabla papa hajafungua mudomo.

"Aaa! Huyu binti ni muke wako ao polisi?"

Papa akacheka mpaka akashika tumbo. Tukakaa juu ya jiwe, tukatazama ziwa. Nikamwambia: "Papa, nilinusa thermos yako."

"Ninajua. Kifuniko ulikifunga vibaya."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Ningekuapia, mutoto wangu? Kula, samaki inapoa."

Machozi ikanitoka. Akanitolea miiba kwenye kipande changu, kama nilipokuwa mudogo.

Rumonge, baada ya alasiri. Wanaume walikuwa wanakunywa kahawa kwenye baraza ya musikiti. Nilitaka tupite haraka, papa akasimama.

"Haya, Bujumbura wamesema nini?" mumoja akauliza, wengine wakatazama vikombe vyao.

"Epatiti B," papa akasema kwa sauti. "Inaingia kwa damu, na mama anaweza kumupa mutoto akizaa. Inakaa miaka bila kuuma. Mukapimwe, na wake zenu, na watoto."

Yule aliyeuliza akasogea, akamupatia papa nafasi kwenye mukeka.

Nimejifunza kusoma karatasi mpaka mustari wa mwisho, na kumuuliza mutu mwenyewe kabla ya kunusa vitu vyake. Kesho asubuhi mimi na wadogo zangu tunaenda kutoa damu ya kupima. Ninaogopa. Papa amesema atanishika mukono.