Mnyama Bora wa Marehemu Thrupp

Jumanne, tarehe 14 Machi 1871, siku chache baada ya kumzika mumewe Job, Keziah Thrupp alinyang'anywa farasi wake mlangoni mwa nyumba yake katika parokia ya Cold Ansley.

Aliyemchukua hakuja kwa kificho. Alikuwa Bwana Lascombe, msimamizi wa mali za Jumba, na alikuja mchana kweupe, amevaa glavu, akifuatana na Eli Budge, mtunza farasi. Nyumba ya akina Thrupp na kiwanja chake vilikuwa chini ya bwana wa ardhi, Bwana Harbin, mwenye Jumba hilo, kwa desturi ambayo hakuna aliyekumbuka ilianza lini. Mwenye nyumba akifa, mjane anabaki na nyumba, na bwana wa ardhi anachagua mnyama bora wa marehemu.

"Pole kwa msiba, Bibi Thrupp," alisema Lascombe. "Ni desturi tu."

"Mchukueni nguruwe."

"Desturi inasema mnyama bora."

"Basi humjui nguruwe wangu."

Eli Budge aliinamisha uso, mabega yakimtikisika. Lascombe hakucheka.

"Farasi ni wangu mimi," Keziah alisema. "Mama yake alikufa akimzaa, nikamlea kwa chupa jikoni. Job alikuwa mgonjwa wa kifua, hajashika hatamu miaka mingapi sijui. Muulize yeyote."

"Sina haja ya kuuliza. Mali ya mke ni ya mume."

"Na usiku ule alipovimba tumbo nikamkanda mpaka asubuhi, alikuwa wa nani?"

"Wa mumeo," Lascombe alijibu, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa ni saa ngapi. "Na sasa ni wa Bwana Harbin."

Farasi huyo, jike la rangi ya hudhurungi nyekundu, aliitwa Violet. Aliondoka na Eli bila ubishi, kwa kuwa alimfahamu.

Jirani yao, Thirza Pocock, ambaye alikuwa dobi, alikuwa ameonya mapema. Siku ile ile Job alipokata roho alimvuta Keziah pembeni akamwambia, "Mpeleke Violet kwa dada yako ng'ambo ya mto, shoga. Wakija, waambie ameuzwa." Keziah alikataa. Baba mkwe wake alipokufa, Jumba lilichukua bata bukini mmoja, ingawa ng'ombe alikuwepo zizini, na msimamizi wa wakati huo alikunywa kikombe cha saida, pombe ya tufaha, akaenda zake. Keziah aliamini kwamba watu waliowahi kuona haya mara moja wangeona haya tena.

Baada ya hapo hakuamini hivyo tena, na alimwambia kila aliyetaka kusikia. Wengi hawakutaka.

Kazi yake ilikuwa uchukuzi. Kila Jumanne na Jumamosi gari lake lenye turubai lilikwenda mjini Wexcombe, maili saba, likisimama kila mlango. Alipeleka mayai, siagi na viatu vya kushonwa. Alirudi na mafuta ya taa, majani ya chai, wanga wa Thirza, dawa ya kikohozi, na safari moja meno ya bandia ya karani wa kanisa, ambayo aliyabeba mfukoni mwa aproni yake yasije yakapotea. Kama angeacha kazi hiyo, angekula nini? Jumba lilimwachia paa na nguruwe. Kwa hiyo Jumamosi ile alitoa mkokoteni wa mkono bandani, akausukuma mwenyewe.

Watu walitoka milangoni kumtazama. Walimpa pole, kisha wakampa mizigo.

Mkulima Gadd alikuwa na farasi wanne, mmoja hana kazi. Shamba lake lilikuwa la Jumba.

"Ningekuazima, Bibi Thrupp," alisema. "Unajua ningekuazima."

"Sijui."

"Nina watoto."

"Nawaona. Wana mashavu. Nipishe."

Siku ya Pasaka kasisi alihubiri juu ya subira. Keziah alitoka kabla ya wimbo wa mwisho, na waliokuwa wamesinzia waliamshwa na mlango.

Jumbani, Violet alifungwa kwenye gari dogo la Bibi Harbin, la magurudumu mawili, la kumpeleka stesheni. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Barabara ya stesheni ndiyo barabara ya Wexcombe, na Violet alikuwa ameipita maisha yake yote kwa namna moja tu: mlango kwa mlango. Alisimama kwa fundi viatu. Alisimama kwa karani wa kanisa. Mlangoni kwa Thirza alisimama akageuza shingo, akingoja, na Thirza, ambaye masikio yake yalizijua kwato zile, alitoka na kapu la nguo kabla hajaona ni nani amekaa garini.

"Unataka nini?" aliuliza Bibi Harbin.

"Mimi sitaki kitu, bibi mkubwa. Anayetaka ni yeye."

Mbele ya kilabu cha Jogoo Mweusi hali ilikuwa mbaya zaidi. Pale Keziah alimzoesha kunywa mabaki ya bia kwenye ndoo, na bila ndoo Violet haendi. Bibi Harbin, mlezi wa chama cha wanawake wanaopinga ulevi, alikaa mbele ya kilabu huku wanywaji wakitoka mmoja mmoja kumvulia kofia. Treni iliondoka bila yeye.

Eli aliamriwa kutumia mjeledi. Aliutumia. Keziah aliuona mwenyewe Jumanne iliyofuata Pasaka, alipokuwa akisukuma mkokoteni kupanda mlima. Violet alipomfikia alisimama kando yake. Mgongoni alikuwa na michirizi, mmoja wao bado mbichi.

"Ondoka njiani, Keziah," Eli alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba."

"Mpige tena nikiwa hapa. Hebu mpige."

"Mwambie huyo mwanamke asogee," alisema Bibi Harbin.

"Huyo mwanamke ana jina, bibi. Ulilijua vizuri ulipotaka kofia zako ziletwe bila kulowana."

Eli hakuinua mjeledi. Alishuka, akamshika Violet hatamu, akamwongoza mpaka stesheni, yeye mwenyewe akitembea.

Alhamisi jioni alikuja nyumbani kwa Keziah, akasimama nje bila kubisha mpaka alipomwona.

"Lascombe amesema hafai," alisema. "Kesho nampeleka kwenye mabanda ya mbwa wa kuwindia."

"Kufanya nini?"

"Unajua wanachokula."

Keziah alitazama barabarani. Kisha akauliza, "Utapita njia gani?"

"Njia ni moja. Inaiacha barabara ya stesheni kwa Thirza, inapita hapa mlangoni pako." Eli alisugua shingo. "Nina mke, Keziah. Sikukuambia kitu."

"Hukuniambia. Nenda kalale."

Ijumaa asubuhi watu wote walikuwa milangoni, na hakuna aliyejifanya anafagia. Violet alikuja akiongozwa na Eli, bila gari, amefungwa hatamu mpya ya Jumba. Alisimama kwa fundi viatu, akasimama kwa Thirza. Kila safari ya miaka yote iliishia mahali pamoja, mlangoni mwa Thrupp, na hapo Violet hakuwahi kuendelea mbele mpaka avuliwe hatamu. Alifika, akasimama, akashusha kichwa. Eli alivuta. Alisukuma. Kisha akaachia mikono.

Keziah alitoka amekunja mikono ya gauni. Alifungua hatamu, akaivua, akamkabidhi Eli.

"Hii ni ya Jumba. Irudishe. Wasije wakaniita mwizi."

"Watakuita tu."

"Waniite. Bwana Harbin alimchukua mnyama wangu bora, akamfanya chakula cha mbwa. Hajui bora ni nini, basi asichague." Aligeukia barabara, akapaza sauti. "Nanyi mliosimama hapo, kesho ni Jumamosi. Mwenye mzigo aulete sasa. Na mzigo wa mkulima Gadd sibebi."

Konstebo alifika Jumamosi kumpa hati ya mashtaka ya wizi wa farasi, akakuta Keziah ameshaondoka. Ilibidi asubiri hadi jioni. Alikuwa na kifurushi chake mwenyewe kilichokuwa kinarudi na gari lile, na alikipokea kwanza, akashukuru, kisha akatoa hati.

"Nani atasikiliza kesi?" Thirza aliuliza kutoka kwenye ua wake.

"Bwana Harbin," konstebo alisema, akitazama kando. "Ni zamu yake kuwa hakimu."

Thirza aliweka chini kapu la nguo. "Niwekee nafasi garini, Keziah. Nitasema ni nani aliyemlea kwa chupa. Nilikuwepo jikoni."

Kesi ilipangwa Jumatatu, tarehe 17 Aprili, mjini Wexcombe. Keziah alikwenda kwa gari lake, likivutwa na Violet, na lilisimama kila mlango.