Unene wa Kadi

Mtaani walimwita Mzee Kadi, na jina lilimkaa. Alikuwa mchapaji wa kadi za mialiko kwa miaka ishirini na saba, na kama umewahi kuoa au kuolewa upande ule wa mji, basi jina lako lilipita mikononi mwake kabla ya kufika kwa mfungisha ndoa. Alijua kuandika majina ya watu kuliko wenyewe. Kuna bwana harusi mmoja alibishana naye nusu saa kuhusu jina la mama mkwe, mpaka mama mkwe akapigiwa simu. Bwana harusi ndiye aliyekosea, na mama mkwe hakusahau.

Basi mtu huyu aliyechapa neno "unakaribishwa" mara elfu kadhaa kila mwezi, mlango wake haukugongwa na mtu. Mkewe alifariki miaka minne nyuma. Binti yao, mtoto wa pekee, alikuwa muuguzi nchi ya mbali, kwa mkataba uliokuwa uishe mwisho wa mwaka. Nyumbani alibaki yeye na redio na viti vinne. Wali alipika kikombe kimoja, lakini sufuria alichukua ileile kubwa, na kila siku ukoko ulikuwa mwingi kuliko wali. Redio ikisema "habari za jioni, wasikilizaji," alikuwa anaijibu. Alikuwa mpweke, tusizunguke mbuyu, ila neno hilo hakuwahi kulitamka hata mbele ya kioo.

Ungesema, si ampigie simu binti yake? Hapo ndipo penye kazi. Mzee Kadi hakujua kuongea kwenye simu. Enzi za mama, simu ilikuwa ya mama. Mama na binti walizungumza saa nzima, kuanzia vitunguu mpaka ndoto za jana yake, kisha mama akasema, "Haya, msalimie baba yako," na baba akaipokea simu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga wa jirani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Hujambo?"

"Sijambo."

"Wazima huko?"

"Wazima."

"Haya."

"Haya baba."

Mama alipoondoka aliondoka na saa nzima yake. Zikabaki salamu za baba tu.

Dawa aliipata binti mwenyewe. Alipokuja msibani aliwasha kompyuta yake ya zamani, ile aliyoiunga kwa mkono wake akiwa chuoni, akamfundisha baba yake gemu la kuendesha malori. Baba alicheka, akasema mambo ya watoto hayo. Lakini binti aliporudi kazini, Jumamosi ya kwanza saa kumi jioni, walivaa hedfoni kila mtu kwake, wakapakia mzigo wa mbao, wakaingia barabarani, lori la binti mbele, la baba nyuma. Na hapo ajabu ikatokea. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa barabarani, ulimi wa Mzee Kadi ukafunguka. Alimwambia binti yake kwamba bado analala upande wake wa kitanda, upande wa mama hauguswi. Binti akamwambia habari za mgonjwa aliyefia mkononi mwake huku akimwita kwa jina la mtu mwingine. "Angalia kona, baba." "Nimeiona, mama." Saa mbili zilipita hivyo, na Jumamosi iliyofuata vilevile, na nyingine, karibu miaka minne.

Sasa, Jumamosi moja gemu lilijipamba upya. Ukaja ujumbe kwenye kioo: kadi ya picha iliyomo kwenye kompyuta hii ni ya zamani mno, toleo jipya haliwezi kufunguka. Mzee Kadi alisoma ujumbe mara tatu akitafuta kosa la tahajia. Halikuwepo. Akampigia binti kumweleza, wakasalimiana, akaeleza, wakasema haya, haya baba, na kila kitu kilikuwa kimekwisha kabla hata chai haijapoa. Alikaa na hedfoni masikioni mpaka giza likaingia, na humo hedfonini hamna sauti.

Jumatatu alifunga karakana mapema, akaenda kwa Fundi. Huyu alikuwa mama wa makamo mwenye duka la kompyuta, anayevaa miwani kichwani kisha anaitafuta mezani.

"Nataka kadi," alisema Mzee Kadi.

"Wewe? Unataka kadi?" Fundi aliegemea kiti. "Kweli kinyozi hajinyoi!"

"Ya kompyuta."

"Kwani kompyuta inaoa?"

Mzee Kadi hakucheka. Alieleza habari za malori na Jumamosi, kwa maneno machache, akiangalia meza. Fundi naye akaacha utani. Alitoa kadi tatu za picha, vile vibao vya ndani vinavyochora picha kwenye kioo, akazipanga mbele yake. Ya kwanza ilikuwa kubwa, na feni tatu.

"Hii sikuuzii," alisema. "Prosesa yako, ubongo wa kompyuta, ni ya zamani, haitaweza kuilisha. Na umeme itakaokula, pawasaplai yako itatoa moshi. Utakuwa umenunua trekta la kulimia bustani."

Ya pili ilikuwa ya kati, feni mbili. Ya tatu ilikuwa nyembamba, feni moja, imetumika, lakini nzima.

"Unataka ikae muda gani?"

"Mpaka mwisho wa mwaka tu. Binti anarudi."

"Basi chukua hii nyembamba. Inaingia popote, haina makuu. Picha zitakwamakwama kidogo, lakini utafika. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, mzee wangu."

Neno lililomchoma ni hilo la kukwamakwama. Kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote. Kompyuta ikielemewa lori lake lilikuwa linabaki nyuma, na binti alikuwa anasimama pembeni ya barabara, anawasha taa, anangoja. "Nakusubiri, baba, usiwe na wasiwasi." Siku yake moja ya kupumzika katika wiki, naye anaitumia kumsubiri mtu. Mzee Kadi alikuwa amechoka kusubiriwa. Akaigusa ile yenye feni mbili.

"Hii."

Fundi alimtazama, akaona mtu ameshaamua. "Sawa. Ila makasha ya zamani ni mabahili wa nafasi. Nenda kwanza kapime ndani. Urefu, upana na unene. Sitaki unirudishie kadi imekwaruzwa."

Kupima! Umwambie samaki aogelee. Jioni ile Mzee Kadi alipiga magoti mbele ya meza, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame, akafungua ubavu wa kasha, akatoa rula yake ya chuma, ile ya karakana, akapima mpaka nusu milimita. Aliandika kwa penseli iliyochongwa vizuri. Jumamosi asubuhi alirudi dukani na karatasi yake.

"Mia mbili hamsini na moja kwa mia na ishirini na nane," alisoma Fundi. "Na nusu! Mzee, wewe ungekuwa mpima ardhi. Na unene?"

"Wa kawaida," alijibu Mzee Kadi.

Usimcheke haraka. Katika kazi yake kadi ina urefu na upana, basi. Unene haupimwi kwa rula, unaitwa kwa gramu. Mteja anauliza, "Unene gani?" na mchapaji anamwambia mia tatu, au mia mbili hamsini kama mfuko umetoboka, au wa kawaida. Kwa miaka ishirini na saba hakuna kadi iliyomgomea mlangoni kwa sababu ya unene. Na Fundi, aliyeona nusu milimita imeandikwa kwa penseli, angewezaje kumshuku mtu wa namna hiyo? Akamfungia kadi kwenye boksi lake, akamkumbusha kwamba Jumamosi anafunga saa nane.

Saa tisa na nusu Mzee Kadi alikuwa sakafuni tena. Akatoa kadi ya zamani, akaipuliza vumbi, akaiweka kando kwa heshima zote. Akaishika mpya. Kwa urefu iliingia. Kwa upana iliingia. Kisha ikasimama. Akaisukuma kidogo, ikasimama palepale. Akainama na tochi, ndipo akaona: kadi ilikuwa na kitambi. Feni zake zilitokeza chini kiasi cha kidole, na hapo chini palikuwa na mwenyewe, kadi ndogo ya waifai, ile inayoleta mtandao. Bodi ya ndani ilikuwa fupi, ina nafasi mbili tu za kuchomekea kadi, ya juu na ya chini. Mgeni alikuwa anataka zote mbili.

Akakaa kitako sakafuni. Akiacha kadi ya waifai, ile mpya haiingii, na kwa ile ya zamani gemu halifunguki. Akitoa ya waifai, gemu litafunguka, lakini hatampata binti yake humo. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi. Duka la Fundi limefungwa. Mzee Kadi alisema neno moja ambalo hajawahi kulichapa kwenye kadi ya mtu yeyote, kisha akalegeza skrubu ya kadi ya waifai, akaitoa, akaiweka kwenye kisahani cha chai.

Kompyuta ikawaka. Gemu likafunguka bila kusitasita, na lo, hakujua kwamba barabara zile zilikuwa nzuri hivyo. Nyasi zilihesabika moja moja. Milima aliyokuwa akidhani ni moshi ilikuwa milima kweli. Ukaja ujumbe: hakuna mtandao, je, uko tayari kuendelea peke yako? Palikuwa na kitufe kimoja tu. Akakibonyeza.

Alikuwa ameshavuka daraja la kwanza simu ilipoita.

"Shikamoo baba. Mbona sikuoni?"

"Marahaba mama. Kadi ina kitambi."

"Ina nini?"

Akamweleza. Urefu, upana, nusu milimita, unene wa kawaida. Binti alicheka mpaka akakohoa.

"Baba! Mchapa kadi mzima!"

"Kwetu unene ni gramu," alisema Mzee Kadi, naye akacheka, mara ya kwanza tangu gemu ligome.

"Kuna kidude cha waifai cha kuchomeka nje, baba, hakizidi kidole gumba. Keshokutwa mwombe Fundi, atakupa. Usihangaike."

"Haya."

"Haya baba."

"Usikate," alisema Mzee Kadi, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Niko barabarani tayari. Wewe ongea tu, mimi naendesha."

Aliiweka simu kwenye spika, akaiegemeza kwenye kikombe. Upande wa pili kiti kikasogezwa.

"Upo wapi sasa?"

"Nimepita daraja. Kuna njia panda."

"Shika kulia. Kushoto utaingia kwenye machimbo."

Akashika kulia. Lori lilipanda kilima kwa ulaini, halikukwama mahali popote, na hapakuwa na mtu mbele yake wa kuona hivyo.

"Baba," binti alisema. "Kuna jambo nilitaka kukwambia Jumamosi ile gemu lilipogoma. Halafu kwenye simu nikashindwa."

"Sema, mama."

"Wamenipa mkataba mwingine. Miaka mitatu. Nimeshasaini, baba."

Mzee Kadi aliendelea kuendesha. Alipita kituo cha mafuta, akapita kibao kilichoandikwa maneno asiyoyasoma.

"Hongera," alisema. Neno hilo alilijua kwa kila aina ya herufi, za kulala na za kusimama, za dhahabu na za fedha, na lilitoka mdomoni mwake kavu kama karatasi.

"Baba, sema kitu. Nigombeze basi."

Angemgombeza nini? Mtoto anafanya kazi, anafanya vizuri, wamemtaka tena. Baba gani analia kwa jambo hilo? Alitaka aseme anafurahi.

"Mvua imekuwa kubwa huku, mama," alisema mwishowe. "Sioni barabara."

Kwenye kioo jua lilikuwa linawaka, na hapakuwa na wingu hata moja.

Binti hakuuliza mvua gani. "Simama pembeni, baba," alisema taratibu. "Usiendeshe hivyo. Umesimama?"

Alikanyaga breki. Lori likateremka kwenye majani, likatulia. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Nimesimama." Akavuta pumzi. "Nilikuwa nahesabu miezi, mama. Nilikuwa nahesabu."

"Najua, baba," binti alisema. "Ndiyo maana nilishindwa kukwambia."