Jina la Marehemu Nililitoa Kwenye Jalada

Mhariri, ukilichapa hili, jina langu libaki mezani kwako.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na tisa, mhadhiri wa baiolojia, nina mke na watoto wanne, naishi Kisumu upande wa Mamboleo. Sina ugonjwa wala deni. Nina kitabu.

Miaka ya themanini chuo kilitupa ruzuku, mimi na mwenzangu nitakayemwita Ochieng, tuandike kitabu cha viumbe wa ziwani. Sharti lilikuwa kigawiwe bure, na mwalimu yeyote aruhusiwe kukinakili. Ochieng aliandika sura tisa. Mimi niliandika tatu, na hizo zangu yeye ndiye aliyezinyoosha. Kabla hatujachapisha akashikwa na malaria, na ndani ya wiki mbili akawa ametutoka. Nilibeba jeneza lake. Hata chozi halikunitoka.

Wakati huo nilikuwa nangoja kupandishwa cheo. Nikakaa kwenye taipureta, nikapiga upya stensili ya jalada, ile karatasi ya nta ya kurudufia, jina langu peke yake. Nilijiambia nitalirudisha lake kwenye toleo la pili. Cheo nikapata. Toleo la pili halikuhitajika, maana shule zilijitengenezea nakala zenyewe, kuanzia Manyatta hapa mjini hadi visiwa vya ziwani, na kila nakala ina jina langu. Siwezi kuzikusanya. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumamosi iliyopita alikuja binti wa Ochieng. Baba yake alipokufa alikuwa darasa la pili. Sasa anasomea ualimu. Alikuwa na nakala iliyochakaa, akaniomba nimwandikie neno ndani. Kisha akasema, "Mwalimu, Mama anasema Baba alikuwa anakusaidia kupiga taipu. Nionyeshe penye alisaidia, hata ukurasa moja tu."

Nikafungua penye mchoro wa ngege. "Huyu samaki alimchora yeye," nikamwambia.

Aliweka kidole juu ya samaki yule, akanishukuru mara tatu. Mke wangu akaleta chai, nikanywa. Mchoro ule niliuchora mimi.

Mwisho wa mwezi anarudi na mama yake. Wataniletea kuku wa shukrani, kwa kumkumbuka marehemu. Nikisema ukweli, cheo kitakwenda na watoto wangu watanijua. Nikinyamaza, nitakaa mezani na mjane huyo, na najifahamu, nitakula na kushiba.

Ndugu wasomaji, nishaurini. Nifanye nini?