Mama Viatu Anaingojea Lami

Jua bado halijachomoza, lakini kituo cha mabasi kimeshachangamka. Nesi wa zamu ya asubuhi anashika ukuta wa kibanda cha mabati, anavua buti la mpira lililojaa tope, anatumbukiza mguu kwenye kiatu cheupe.

"Fanya hima, mwanangu, basi hilo linawashwa!" mwenye kibanda anamhimiza.

Abiria wanamwita Mama Viatu. Mtaani kwao barabara ni tope tupu, na maofisini tope ni aibu. Kwa hiyo huacha mabuti kwake, naye huyaosha na kuyatunza hadi jioni, kwa malipo yasiyozidi bei ya kikombe cha chai.

Risiti hana. Hupasua kitambaa vipande viwili: kimoja hukifunga kwenye mabuti, kingine huondoka na abiria. Siku moja alijisahau, akawafungia watu wawili vitambaa vya rangi moja. Mwalimu mwenye miguu midogo akaenda nyumbani akiburuza mabuti ya fundi mwashi.

"Fundi naye akabaki hapa anahangaika, kisigino kimegoma kuingia!" anasimulia, akicheka hadi machozi.

Kazi hii imemlelea mabinti wawili tangu mumewe afariki. Ndiyo maana habari ya leo inamchoma.

"Mama Viatu, lami imefika darajani!" nesi anapaza sauti akipanda basi. "Mwezi ujao tunatoka nyumbani na viatu vyetu!"

"Hongereni!"

Basi linaondoka. Anabaki na brashi mkononi, hasugui chochote.

"Ningemwambia nini? Yeye anashangilia, mimi kibarua kinaota nyasi. Inauma, sikufichi."

Hata hivyo, hailaani lami. Yeye mwenyewe hurudi nyumbani kwa tope hilohilo, na mabuti yake hayana wa kuyaosha.

Mchana, abiria wakiwa kazini, hujifunza kazi kwa fundi viatu wa jirani.

"Dada ana mkono wa ufundi," fundi anamsifu.

"Watatoka na visigino virefu kwa mbwembwe," Mama Viatu anasema. "Acha wakimbizane na basi kwenye lami. Vikikatika, watanikuta hapahapa."

Kutoka chini ya meza anavuta mfuko na kutoa viatu vyeupe vya kike. Ni vya harusi yake. Kisigino kimoja kilikatikia topeni siku ileile ya harusi, na wiki iliyopita alikibandika kwa mkono wake.

"Lami ikifika mlangoni kwangu," anasema akivipangusa, "nitakuja navyo kazini."