Mnara Bila Mlango

Baba alikuwa mchimba visima pale Naitiri. Kazi yake ilikuwa kushusha pete za simiti ardhini, moja juu ya ingine. Halafu mkulima mmoja wa Tongaren akataka mashine ya upepo ya kuchaji betri za nyumba, na akataka ikae juu kuliko miti. Baba akasema chuma peke yake itayumba, simiti peke yake itakuwa nzito, tuchanganye: pete zake chini, mlingoti wa chuma juu. Alifurahi sana. Maisha yake yote alikuwa anaenda chini.

Mimi nilikuwa nimemaliza fomu foo, nimekaa nyumbani mpaka nikachoka kukaa. Siku ya kusimamisha mnara, mchana nilikuwa na intavyuu ya ualimu Bungoma.

"Nisaidie kidogo tu, mama," Baba akasema asubuhi, vile huniita mimi binti yake. "Si wewe ndio mwembamba."

Nikaingia kwa juu, nikasimama kwa ngazi ndani ya pete zilizokuwa zimeshapangwa. Welda, fundi wa chuma Baba alikuwa amemkodi, akashusha mlingoti na winchi, bamba lake la chini likafunika pete ya juu, mimi nikakaza nati kutoka ndani. Ndani kukawa giza. Welda akabeba winchi yake, akaenda kazi ingine Kitale. Ndio nikauliza, "Sasa mimi natokea wapi?"

Kisima haina mlango, mtu anaingia juu na anatoka juu. Hakuna mtu alikuwa amefikiria mlango.

Kulikuwa na tundu moja tu ya waya. Niliona mdomo wa Baba hapo.

"Ngoja welda. Kesho atarudi."

"Kesho? Baba, intavyuu ni leo!"

"Si wataita tena."

"Hawaiti!"

Mkulima akacheka nyuma yake. "Mwache huko bana, alinde betri zangu."

Nikigeuka, viwiko vinakwaruza simiti. Upepo ulikuwa unapiga mlingoti, na mlio unashuka mpaka kwa meno yangu. Nikaona maisha yangu: Baba atapata kazi ingine, halafu ingine, na kila mara mimi ndio mwembamba.

"Nikilegeza nati?"

"Usiguse! Mlingoti utakuangukia."

"Basi vunja pete."

"Hii ya chini imebeba zote."

"Baba, nikikosa leo nitazeekea hapa na wewe."

Mdomo ukatoka kwa tundu. Nikadhani ameenda. Halafu nikasikia anaburuta miti, anaiegemeza kwa mnara kila upande.

"Funika macho," akasema.

Alipiga patasi polepole, kama mtu anajigonga mwenyewe. Pete ya chini ikatoboka, kichwa changu kikatoka, bega likakwama, akanivuta mpaka blauzi ikapasuka. Juu ya shimo, ufa mwembamba ulikuwa umeanza kupanda. Tuliuona sote wawili.

"Nisaidie kushika?" nikamuuliza.

"Enda," akasema. Alikuwa ameweka mgongo kwa pete, miguu ameikaza kwa udongo. "Enda, kabla sijabadilisha mawazo."

Nilifika Bungoma na simiti kwa nywele. Waliponiuliza kwa nini nataka ualimu, nilikuwa nawaza tu kama welda ameshatoka Kitale, Baba aache kushika pete.